Aliyemrudishia Dada Yangu Mkono wa Kupanda

Habari imenifikia hapa Busia Jumatatu, imeletwa na dereva wa lori la pamba: yule dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Tororo, hatunaye tena. Wamemzika kwao Paya. Nimeumia, wala sioni haya kusema. Wasomaji walionizoea kwa kuwasema machifu na kodi za serikali wataniwia radhi. Leo moyo hauko huko.

Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini hata ukadhani anakutolea siri. Wakati wa vita aliuguza askari, na huko daktari mmoja Mzungu alimfundisha kumtuliza mtu kwa maneno mpaka aingie katika nusu usingizi, anasikia na kujibu, ila hofu imelegea. Watu wa mjini walisema ni uchawi. Yeye alicheka tu, akaendelea na vidonda vyake.

Mimi nilimpelekea dada yangu. Kwetu mbegu ya kwanza ya wimbi hutiwa ardhini na mwanamke wa nyumba, na dada, tangu wimbi alilopanda akiwa msichana likatae kuota, aliamini mkono wake unaua mbegu. Aliolewa Rubongi, misimu mitatu akakataa kugusa kikapu. Mama mkwe akasema nyumba haikai na mke asiyepanda, na mume akaanza kununa. Ilibaki kidogo arudishwe kwetu, watoto wabaki huko.

"Mkono yangu ni mbaya, daktari," alimwambia. "Mimi napanda, haioti." Dresa hakubishana naye. Alimketisha, akamwambia afunge macho na asikilize pumzi yake ikishuka, nami nikae kimya pembeni. Mabega ya dada yakalegea. Kwa maneno, dresa akamrudisha polepole kwenye shamba lile la zamani, akamwuliza anasikia nini. "Iko mtu anacheka," dada akasema. "Ananiita Mkono wa Majivu." Nani huyo? "Ndugu yangu. Ile nimekuja naye."

Nilitamani ardhi inimeze. Jina hilo nililitunga mimi, nikalitangaza kijiji kizima. Tena nilijua jambo baya zaidi. Bibi yetu, kabla ya kufa, aliniambia kuwa mwaka ule kibuyu cha mbegu kilining'inizwa juu ya jiko kama kawaida, moshi ufukuze wadudu, lakini kulikuwa na matanga, na pombe ikapikwa hapo siku nne mfululizo. Mbegu zikaiva kwa joto, zikafa. Aibu ilinifunga mdomo miaka yote hiyo. Nikamnong'oneza dresa yote hayo. Akanigeukia, akasema, "Basi mwambie wewe. Neno langu halitafika lilikofika lako."

Nikamwambia, kwa lugha yetu ya nyumbani, nikilia, kwamba mbegu zilikufa motoni na mkono wake haukuwa na kosa. Siku moja haikutosha. Tulirudi kwa dresa mara tano. Mvua zilipokuja dada alipanda kipande kidogo nyuma ya jiko, akawa anakichungulia kila asubuhi. Kikaota.

Jana nilivuka mpaka hadi Rubongi kumpelekea dada habari ya msiba. Nilimkuta shambani kwa jirani, ambaye siku hizi humwita amfungulie msimu kwa kutia mbegu ya kwanza. Alikaa chini akalia sana. Kisha akanyanyua kikapu. "Wacha nimalize hii kipande," akasema. "Yeye ndiye alinipa mkono."

Mkono alikuwa nao tangu zamani. Niliuchukua mimi kwa mzaha, na ikabidi mgeni anifundishe kuurudisha. Ndugu msomaji, kama kuna mtoto uliyempa jina ukicheka, nenda kwake leo ukalichukue.