Siku Damu Yangu Iliponisema Darasani

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuusikia kwa Bahati, ambaye kila akiusimulia anaongeza chumvi, mara eti nilizimia, mara eti nilijikojolea, na aibu yangu ilikuwa kubwa ya kutosha bila msaada wake. Sikujikojolea. Nilidanganya tu, mbele ya darasa zima, katikati ya mwezi wa Ramadhani, na aliyenisema hakuwa mtu, ilikuwa damu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya labo, hapa Goma, ile kazi ya kupima damu na mikojo ya watu ili daktari ajue mgonjwa ana nini. Darasani Mwislamu nilikuwa peke yangu, na sikumruhusu mtu yeyote asahau hilo. Ramadhani ilipoingia nikawa mtakatifu wa darasa: naketi polepole, naongea kwa sauti ya mgonjwa, na siku moja tu kabla ya mkasa nilikuwa nimemhutubia Bahati, rafiki yangu wa dawati moja, eti mtu asiyeweza kulitawala tumbo lake atatawala nini duniani (alikuwa anakula biskuti, maskini, mbili tu).

Sasa siku hiyo usingizi ulinipitia, daku sikula. Nilipoamka jua limeshatoka, tumbo linanguruma, na nyumbani kwetu Mabanga Mama ananiombea dua mlangoni kama kila siku. Nikaitikia amina, nikatoka, nikasema nitapitia Ndosho (si njia ya shule, lakini kule hakuna anayemjua Papa, baba yangu), ninywe maji tu, glasi moja, halafu niendelee na utakatifu wangu. Maji tu! Lakini mama wa mgahawa alikuwa anatoa sambaza kwenye mafuta, vile visamaki vya ziwani, bado vinachemka, na mtu akishakosea kwa maji, mbona asikosee vizuri? Nikala sahani ya sambaza, nikala ndizi za kukaanga kwa mawese, nikaona vinakwama, nikavisukuma kwa mashanza, yale maziwa ya mgando ya Masisi, mazito mpaka kijiko kinasimama, kikombe kimoja, halafu cha pili. Nikapangusa mdomo, nikapanda pikipiki, na tulipokaribia shule nikavaa uso wa njaa.

Saa tano tukaingia labo. Madamu Furaha, asistanti wetu wa biokemia, mama mpole wa Rutshuru asiyependa makelele, alikuwa anaeleza kwa nini damu ya kupima mafuta huchukuliwa kabla mtu hajala. (Kama ningelisikiliza somo hilo badala ya kuigiza njaa, ningeomba ruhusa ya kwenda msalani na nisingerudi.)

"Ninaomba batu mbili," akasema. "Moja mwenye alikula, na moja mwenye hajakula kitu."

Waliokula walikuwa wote. Bahati akanyoosha mkono, alikuwa na chai na mkate tumboni. Kwa yule wa pili, macho ya darasa zima yakanigeukia bila kuambizana.

"Amisi iko nafunga," mmoja akasema.

"Muzuri sana," Madamu akafurahi. "Kuya, Amisi. Yako ndiyo itakuwa damu ya mufano."

Hapo ningeweza kusema naogopa sindano. Mwanafunzi wa labo anayeogopa sindano, sawa, wangecheka dakika mbili tukasahau. Mimi nikakunja shati mpaka begani, nikatembea mbele kama mtu anayekwenda kupewa medali, nikasema, "Kwa ajili ya elimu, Madamu."

Na umeme! Wiki nzima mashine ya kuzungushia damu ilikuwa imenyamaza, tunasoma picha zake kitabuni, lakini siku hiyo umeme ulikuja asubuhi na ukakaa, kana kwamba kuna mtu kule juu aliyesema leo tumhudumie Amisi. Wenzetu wakatutoa damu, mashine ikazunguka, ikasimama, Madamu akatoa tubi mbili, vile vichupa vyembamba vya damu, akaziinua juu kwenye mwanga wa dirisha. Ya Bahati, chini damu nyekundu, juu maji ya manjano, maangavu, unaweza kusoma gazeti kupitia hapo. Ya kwangu, chini nyekundu. Juu, nyeupe. Nyeupe nzito, kama maji uliyooshea mchele.

Waliokaa nyuma wakasimama waone.

"Mulichanganya tubi," Madamu akasema. Akanichukua damu tena, yeye mwenyewe, akaandika jina langu kwa herufi kubwa, akazungusha. Nyeupe vilevile.

Akanisogelea, akashusha sauti (kana kwamba ilisaidia, watu wote walikuwa wameacha hata kupumua). "Amisi, mutoto yangu. Kweli haukula kitu?"

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Nikamwona Bahati ananitazama, nikakumbuka hotuba yangu ya biskuti, nikaufunga kwa mikono yangu miwili.

"Daku tu, Madamu. Saa kumi alfajiri. Chai kavu."

Uso wake ukabadilika. Akatueleza, polepole, kwamba mtu aliyekaa saa saba bila chakula na bado damu yake imejaa mafuta namna hii, huenda ana ugonjwa mkubwa wa kurithi, na ugonjwa huo unaweza kuvimbisha kongosho siku yoyote, na kongosho likivimba mtu anaweza kufa. Halafu akaniuliza, "Hausikii maumivu mu tumbo?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikia. Sambaza, mashanza na woga vilikuwa vinapigana mle ndani.

"Kidogo," nikasema.

Hilo neno "kidogo" ndilo lililofunga duka la Papa. Papa anauza vitenge pale Murara, na halifungi duka lake mchana hata mvua ikiingia ndani, lakini Madamu alipompigia simu alifika kabla sijamaliza kutunga uongo mwingine, amevaa kofia yake ya swala upande, na Mama nyuma yake analia kwa sauti.

"Baba yangu alikufa vile vile kule Kindu!" Mama anamwambia Madamu. "Asubui iko muzima, magaribi tunamuzika! Ni hii damu!"

"Mama, tulia," Madamu akamwambia. "Kama ni ya familia, tutaona. Ninyi pia munafunga?"

"Tunafunga," Papa akajibu, na tayari alikuwa anakunja mkono wa kanzu. "Utoe yetu yote, Madamu. Hata yote kabisa, kama itamusaidia."

Wakatolewa damu, wazee wangu wawili, hawajaonja hata tone la maji tangu alfajiri, wameketi kwenye viti vya wanafunzi na pamba mikononi. Mashine ikazunguka. Ya Papa angavu. Ya Mama angavu. Nyeupe ni ya mwana wao pekee wa kiume, na Mama alipoiona akakaa chini, sakafuni, na Bahati (Bahati yule yule!) akaja akanishika mkono machozi yakimtoka, akasema tangu leo hatakula kitu mbele yangu tena. Madamu akawa anaandika karatasi ya kunipeleka hospitali. Nadhani ningefika mpaka hospitali, nawaambieni kweli, ningelala kitandani na kutundikiwa maji ya mshipa, mjinga mimi, kuliko kusema maneno mawili.

Kilichonishinda ni Papa. Alitoka nje, akarudi na chupa ya maji, akaifungua, akapiga goti mbele ya kiti changu. Midomo yake ilikuwa imekauka, ina weupe pembeni.

"Amisi," akasema, "kunywa. Mugonjwa hafungi. Mungu anajua ulijikaza."

Nikaitazama ile chupa. Nikamtazama aliyeishika.

"Papa," nikasema, "sikufunga."

"Unasema?"

"Nilikula. Asubui. Kule Ndosho."

Nyie, kuna kimya cha watu waliohuzunika na kuna kimya cha watu wanaopiga hesabu. Kalamu ya Madamu ikasimama juu ya karatasi. "Ulikula nini?" akauliza, kwa sauti ya darasani sasa, si ya mama.

"Sambaza."

"Ya kukaanga?"

"Ndiyo. Na ndizi."

"Za kuchemsha?"

"Za mawese. Na mashanza."

"Vikombe ngapi?" Huyo alikuwa Papa.

"Viwili."

Papa akachukua kifuniko, akaifunga ile chupa, akaitia mfukoni. "Basi, kiu hauna," akasema, akainuka.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bahati, kicheko cha mtu aliyelia bure, kisha darasa zima likamfuata, na Madamu, yule mpole asiyependa makelele, akageukia ubao akaandika kila kitu, sambaza, ndizi, mawese, mashanza mara mbili, saa tatu baada ya kula, akasema "Muandike," na wakaandika. Mama peke yake hakucheka. Aliinuka sakafuni, akasema alhamdulillahi, mutoto yangu ni muzima, akanikumbatia vizuri kabisa, na alipomaliza kunikumbatia akanishika sikio, na sikio hilo hakuliachia mpaka tulipofika barabarani.

Siku ile ya funga nililipa, nikaomba na toba, na Papa akanisamehe baada ya juma moja la kunijibu kwa kichwa tu. Leo nafanya kazi labo. Juzi alikuja mzee mmoja na mke wake na mabinti zake wawili, akatangaza mbele yao kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana, na vipande vya mandazi vimekaa kwenye ndevu zake. Sikumwuliza pale. Nilimwambia, "Muzee, tuingie huku kidogo," nikafunga mlango, tukabaki wawili, ndipo nikamwuliza. Akakubali mara moja, akaomba arudi kesho. Tukatoka, nikawaambia mke na mabinti kwamba mashine imeharibika. Huo ndio uongo pekee nilioubakiza, na hata huo nausema kwa ajili ya watu wengine.