Fundi Brashi na Konokono wa Mwalimu

Mtaa mzima ulipambwa na mkono wa Fundi Brashi. Kichwa cha mwanamke mwenye nywele za kusukwa kwenye ukuta wa saluni, ni yeye. Ng'ombe wa bucha, aliyenona kuliko nyama inayouzwa humo ndani, ni yeye. Hata yale maandishi mekundu ya USIKOJOE HAPA yalinyooka na kutiwa kivuli, maana Fundi hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alipiga mistari kwa uzi wa chaki, akapima kwa rula ya chuma, ndipo akachovya brashi. Alijua kwamba anajua, na hakuona haya kukwambia.

Kilichomshinda ni radi. Siku dhoruba ya radi ilipoezua mabati ya jiko, binti yake wa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Walimwita Chiriku kwa kupenda maneno, lakini tangu siku hiyo ngurumo ikipiga tu, mtoto anakuwa bubu. Alijipenyeza chini ya meza, akakumbatia magoti na kutafuna kucha mpaka zikatoka damu. Fundi alimbeba, akamwimbia, akamnunulia pipi, mwisho akaigombeza mvua yenyewe. Wapi.

Basi mchana mmoja wingu lilifunga, ngurumo ikapiga, na Chiriku, badala ya kukimbilia chini ya meza, akasema, "Mama, naomba karatasi."

Akalala kifudifudi sakafuni, akaweka ncha ya penseli katikati ya karatasi, akaanza kuzungusha mstari kwenda nje, polepole, bila kunyanyua mkono. Akivuta pumzi, penseli ilisimama. Akitoa pumzi, ilitembea. Mvua ilipiga mabati kwa hasira zake zote, na mtoto akazidi kuzungusha mpaka karatasi ikaisha. Kisha akaomba chai.

"Nani kakufundisha hivyo?" Fundi aliuliza.

"Mwalimu Taratibu, wa chekechea. Anasema tukiogopa tumtembeze konokono."

Mama mtu alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Na Fundi naye alijua kwamba hapo baba mwenye akili timamu hufurahi. Yeye aliona gere. Gere haswa, wivu mtupu.

"Yaani mtoto wangu mimi," alimwambia mkewe baadaye, "afundishwe kuchora na mtu baki?"

"Kafundishwa kutulia, Baba Chiriku."

"Kwa penseli. Na penseli ni kazi yangu."

"Haya, na hiyo penseli yako ilikuwa wapi siku zote mtoto anajitafuna vidole?" Mkewe alikuwa mshonaji, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano zake.

"Huyo mwalimu kamroga mtoto."

"Ndiyo vizuri. Si wanasema mchawi mpe mwana alee?"

Kesho yake Fundi alikwenda chekechea, eti kuangalia kama bango la getini, alilolichora mwenyewe, limepauka. Halikuwa limepauka. Akazunguka hadi dirishani. Mwalimu Taratibu alikuwa kijana mwembamba, shati limemzidi mabega, na ubaoni alikuwa amechora kuku. Fundi alijua ni kuku kwa sababu watoto walisema ni kuku. Yeye aliona birika lenye miguu. Watoto walicheka, mwalimu akacheka kuliko wao, kisha akaketi sakafuni katikati yao na kusema, "Haya, konokono."

Darasa likanyamaza. Vichwa vyote viliinama, na hata yule mtoto mtundu aliyekuwa akivuta nywele za mwenzake aliinamia karatasi yake. Chiriku alikaa kando ya mwalimu, bega kwa bega, na alipomaliza alimwinulia uso uliojaa imani. Ng'ombe wa bucha hakuwahi kutazamwa hivyo, wala aliyemchora. Fundi aliondoka roho ikimuuma kama jino bovu.

Nyumbani jioni ile, Chiriku alikuwa amebandika konokono wake ukutani: wamepinda, wamepishana mistari, mmoja ana umbo la kiazi. Mtoto alikuwa kwa jirani akicheza. Fundi akawabandua mmoja mmoja, akatoa rula na rangi, akafanya kile anachokiweza. Alifuta palipopinda. Aliwatia pembe, magamba yenye mng'ao, vivuli, hata jani la kupandia. Akawarudisha ukutani, akarudi nyuma kuwaangalia, akamwuliza kwa mawazo yule mwalimu wa kuku wa birika kama anaweza hivyo.

Chiriku aliporudi alitazama kwa muda.

"Wazuri, baba," alisema, kwa adabu aliyozoea kuwapa wageni. Akatoka tena kwenda kucheza.

Wiki haikuisha, ngurumo ikarudi. Mama mtu alimpa karatasi. Chiriku akashika penseli, akamtazama baba yake, akaiweka chini.

"Nitakosea," alisema.

Akaingia chini ya meza, vidole mdomoni.

Mkewe Fundi aliendelea kukanyaga cherehani, na kwa mwanamke yule kunyamaza kulikuwa kipigo. Fundi alipatwa na aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa ameutaka moyo wa mtoto uwe wake peke yake, na sasa ameupata: unatetemeka chini ya meza kama zamani.

Akachukua karatasi na penseli, akapiga magoti, akajisokomeza humo chini na mabega yake mapana.

"Nifundishe," alisema.

"Wewe unajua."

"Najua kuchora. Huyu konokono simjui."

Ngurumo ilipiga. Chiriku alijibana kwake, kisha akatoa kidole kimoja mdomoni na kugusa katikati ya karatasi. "Anaanzia hapa. Ukipinda, usifute."

Fundi akaanza. Mzunguko wa pili tu, mkono ukaanza kuongeza madoido.

"Usimpendezeshe, baba. Mtembeze tu. Toa pumzi."

Akatoa pumzi. Mstari ukayumba, mkono ukatamani kurekebisha, akauzuia. Ukayumba tena. Alipochoka, mkono mdogo uliipokea penseli palepale alipoishia na kuendelea, na huko juu mvua ikanyesha ilivyopenda. Walipofika ukingoni, Chiriku aliinua karatasi. Alikuwa konokono mbaya kabisa, kapinda kila upande. Mtoto alitabasamu, akampa baba yake sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

"Umepata, baba. Sasa unachora kama Mwalimu Taratibu."

Cherehani ilisimama. Mkewe aliinamia nguo kuficha kicheko. Fundi Brashi akahisi gere ikimpanda upya, akaimeza yote.

"Asante, mwanangu," alisema. "Lete karatasi nyingine."