Nilipotumwa Niwe Macho ya Bibi

Nilisikia kwanza. Kabla sijafumbua macho, kabla sijakumbuka nimelala chumba gani na cha nani, nilisikia stovu ikipigwa pampu upande wa pili wa ukuta. Fyuu, fyuu, fyuu, kimya kidogo, kisha moto ukashika na kuanza kuvuma. Ilikuwa Geita, mwaka huu, katika nyumba niliyopanga kwa wiki moja pamoja na wanunuzi wa dhahabu, watu wanaowahi kuamka kuliko kuku. Nilijua hivyo. Lakini nilibaki nimefumba macho, na kwa dakika chache nilikuwa tena na miaka tisa, Kisumu, juu ya mkeka, ubavuni mwa bibi yangu mzaa baba, nikisikiliza wanawake wa kwaya wakibandika chai.

Safari ile nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nimewachekesha watu. Leo nikusimulie na ile sehemu ninayoirukaga.

Kwaya ya kanisa letu pale Ngokolo, Shinyanga, ilikuwa imealikwa kwenda kuimba ng'ambo ya mpaka. Mwalimu wa kwaya akapata lori lililokuwa likibeba pamba, ambalo msimu ulipokwisha lilikosa kazi. Watu kama sisi hatukuwa watu wa hoteli. Mwalimu aliandika barua mapema, akatafutiwa nyumba za walimu na makarani waliokwenda kwao likizo, kila mji nyumba moja ya kukodi, nasi tukajazana humo, wanawake vyumbani na wanaume sebuleni. Tuliziita nyumba za likizo. Mwenye nyumba alikuwa anafunga chumba kimoja kwa kufuli, humo amerundika vyake vya thamani, anakuachia vilivyobaki: viti, masufuria, kalenda ukutani, na mahali pengine paka.

Bibi hakuwa mwanakwaya. Alitokea kijijini kwake Didia na magunia mawili ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikawa vigumu kama kuni, na debe zima la karanga. Akamwambia mwalimu kwamba atawapikia njia nzima, mradi apewe nafasi yeye na mjukuu wake. Kisha akamwendea dereva kivyake, akaomba nafasi moja zaidi ya kurudi nayo. Dereva alipouliza ya nani, Bibi alimjibu kwamba huenda tukarudi wengi kuliko tulivyokwenda.

Nafasi hiyo ilikuwa ya shangazi yangu, binti yake wa pekee. Miaka sita nyuma shangazi aliolewa na fundi wa mashine, mtu wa Kisumu aliyekuja Shinyanga kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa mcheshi, ng'ombe wa mahari alitoa wote, na mkataba wake ulipokwisha akamchukua mkewe wakaenda kwao. Mwaka wa kwanza zilikuja barua tatu, wa pili moja, kisha basi. Halafu mchuuzi mmoja wa ngozi, aliyekuwa akipita huko na kurudi, alimwambia Bibi gulioni kwamba amemwona binti yake, amekonda.  Bibi alirudi nyumbani na kuanza kukata viazi.

Basi tukapanda lori. Ninavyolikumbuka, lilinuka pamba na mafuta, na nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimeshika kwenye mbao. Waimbaji wa sauti ya tatu walikaa nyuma kabisa wakimtania kila aliyetapika. Siku ya kwanza tulilala Musoma, na hapo ndipo Bibi alipowachekesha wote. Ufunguo tulikuwa nao, mlango umekwisha funguliwa, watu wanashusha mizigo, yeye amesimama nje akibisha hodi. Akabisha mara tatu. Mwanakwaya mmoja mnene, jirani yetu wa Ngokolo, akamuuliza anatarajia nani amwitikie, kabati?

"Likiitikia," Bibi akasema, "wewe ndiye utakayetangulia kukimbia."

Aliingia akiwa ameinama kidogo, kama anavyoingia mgeni. Katika kila nyumba alifanya vivyo hivyo. Nyumba isiyo na mtu wa kukukaribisha ilimtia wasiwasi. Hakukubali chumvi ya mwenye nyumba iguswe bure. Iliyotumika aliilipia kwa michembe, ameifunga kwenye karatasi na kuiweka rafuni palepale chumvi ilipokuwa. Mara nyingi huwa nawafikiria wale walimu walivyorudi kutoka likizo na kukuta vipande vile vigumu jikoni kwao.

Mpakani ofisa wa forodha alifungua gunia, akashika kipande, akakinusa, akauliza hii ni dawa ya nini.  Bibi alichukua kipande kimoja akakitafuna mbele yake, akampa cha pili, na yule ofisa akatutazama sote, akatafuna. Ilimchukua muda. Tulipoondoka alikuwa bado anatafuna, na lori zima lilikuwa likimwimbia.

Kisii tulikuta baridi na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa hadi ikawa rangi ya udongo. Siku ya tatu mchana tukafika Kisumu, kwenye nyumba ya karani mmoja, yenye sakafu ya saruji nyekundu na dirisha ambalo ukisimama juu ya kiti uliona ziwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo pengine kwenu halipo. Kwetu, mama hatazamani usoni na mkwewe, hali naye, na hawezi kuingia wala kuketi chini ya paa lake. Shangazi alikuwa katika mji uleule, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na Bibi asingeweza kwenda. Mkwewe naye alikuwa ametuma salamu kwamba mke wake ana kazi nyingi, atakuja kumwona mama yake siku ya kuondoka. Isitoshe, kwetu binti aliyeolewa hasemi mabaya ya nyumba yake kwa kinywa chake mwenyewe. Akisema, ni kama ameikimbia. Lakini mtu wa kwao akiingia, akaona kwa macho yake, akaja kusema, hapo wazee wanapata pa kuanzia kikao cha kumrudisha kwao, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mzee anayetosha kuanza.

Bibi aliniita jikoni asubuhi ya pili. Alizoea kuniita mke mwenza, kwa utani, kwa kuwa babu aliniita mke wake mdogo. Siku hiyo hakuwa anatania.

"Mke mwenzangu, wewe unaweza kuingia nisikoweza mimi. Utakuwa macho yangu. Tazama kama ana chakula. Tazama kama ile cherehani niliyompa ingalipo. Tazama mwili wake. Usiulize kitu, tazama tu."

Cherehani hiyo ilikuwa mavuno yake ya pamba ya msimu mzima.

Mama mmoja wa kanisa la pale alinifikisha. Shangazi aliponiona alinishika kichwa akacheka, kicheko kilekile nilichokisikia nikiwa mdogo, na kwa muda nilifurahi tu. Kisha nikaanza kutazama. Chumba kilikuwa kimoja. Palikuwa na gramafoni mpya inayong'aa. Pembeni, sakafuni, palikuwa na alama nne za miguu ya kitu kizito ambacho hakikuwapo. Shangazi alimimina chai kwa mkono wa kulia, na alipotaka kuinua sufuria aliiegemeza kwenye goti, kwa maana mkono wa kushoto ulikuwa umekunjika kiwikoni na haukunyooka. Mwanamke wa chumba cha pili alichungulia mlangoni akauliza, bila hata kunisalimia, kama mimi ndiye mtu wa kwao, na kama hatimaye wamekuja kumchukua. Shangazi alicheka tena. Yule mwanamke hakucheka.

Yule mwanamke alipoondoka, shangazi alichutama mbele yangu.

"Mwambie mayu yote uliyoyaona," alinong'ona, akimwita mama yake kwa lugha ya kwetu. "Usiongeze, usipunguze."

Mumewe aliingia muda si muda na soda ya machungwa ambayo alikuwa ameninunulia. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa furaha, akaweka sahani ya santuri, akanichezesha akiwa amenishika mikono yote miwili mpaka nikasahau pa kuweka macho. Akasema ana rafiki melini, bandarini, na kesho atakuja kunichukua nikaione meli kubwa kwa ndani, na chumba cha injini. Nilikuwa sijawahi kuona chombo kikubwa kuliko lori.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu hatua na kupanga maneno. Nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba nikisema habari ya mkono, Bibi atainuka pale alipo, atamwita mwalimu, watu wazima watakaa kikao, na hakutakuwa na meli.

Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Aliuliza kimoja kimoja. Chakula kipo? Kipo, nilikunywa chai ya maziwa na mkate. Anacheka? Anacheka sana. Mpaka hapo sikuwa nimedanganya. Cherehani? Nikasema ipo, iko pembeni, imefunikwa kitambaa. Mwili wake? Nikasema amekonda kidogo tu. Vidole vya Bibi vilisimama kwenye ungo. Kisha akashusha pumzi ndefu, nikaona mabega yake yakilegea, na akaniambia nimefanya kazi ya mtu mzima. Alinipa karanga za kukaanga, kiganja kizima, wakati wenzangu walikuwa wakipewa za kuhesabu.

Kesho yake mume wa shangazi alikuja kama alivyoahidi. Bibi alipoisikia sauti yake alikimbilia stoo, akajifunika kanga kichwani. Mkwe akatoa shikamoo akiwa uani, naye akaitikia marahaba kutoka nyuma ya mlango. Ndivyo walivyozungumza, kwa heshima kubwa, mbao katikati yao. Na nilikwenda kuiona meli. Ningependa kukwambia kwamba ilikuwa mbaya, au kwamba alinihadaa. Ilikuwa nyeupe, yenye ngazi za chuma na harufu ya rangi mbichi, na mtu wa injini alinipa biskuti akaniacha nishike usukani. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Sijapata kuitoa moyoni, na sijapata kuifurahia tena.

Wakati wa kurudi, kwenye ile nafasi aliyoiomba Bibi kwa dereva tuliweka masufuria. Miaka michache baadaye mpaka ulifungwa, barua hazikupita. Ulipofunguliwa, baba alikwenda. Akakuta chumba kina wapangaji wengine, watu wa Busia, na hakuna aliyejua lolote, ila bibi kizee mmoja muuza samaki aliyesema kwamba yule mama wa kutoka Tanzania, mwenye mkono, hayuko tena. Baba hakujua ni mkono gani. Aliporudi alituuliza, na mimi nikatoka nje nikachote maji. Bibi alikuwa ameshafariki. Mpaka anakufa aliwaambia wanawake wa Didia kwamba binti yake anakaa vizuri, ana cherehani, mjukuu wake ameona kwa macho.

Kwaya ile haipo tena. Mwalimu alihamishwa, waimbaji wa sauti ya tatu wengine wako huku Geita mashimoni, wengine wamelala makaburini. Lori nililiona Kahama, halina magurudumu, kuku wanataga ndani. Hakuna mtu aliyebaki ninayeweza kumwambia nilichokiona, ndiyo maana nakwambia wewe.

Lakini siku ninayoirudia zaidi siyo ya meli. Ni asubuhi ya mwisho. Shangazi alikuja kuaga amevaa gauni la mikono mirefu na kanga juu yake, mumewe akabaki barabarani ameshika baiskeli. Bibi alimkumbatia. Alimpapasa mgongo, akamtazama uso, akamuuliza kama yuko salama.

"Niko salama, mayu," shangazi akasema. Kisha akanigeukia mimi, akangoja.

Bibi naye akanigeukia. "Ulichoniambia ndicho ulichokiona?"

Nje wanakwaya walikuwa wakifunga mizigo, mtu anacheka, injini inajaribiwa. Ningeweza kusema pale. Ningeweza hata kukaa kimya, na kimya kingetosha.

"Ndicho," nikasema.

Shangazi hakunikasirikia. Alinishika kichwa kama siku ile ya kwanza, akajifunga kanga vizuri kwa mkono mmoja, akatoka. Barabarani mumewe alikuwa ameinua shingo akitazama kwetu, na Bibi, kwa heshima, akajitenga upesi nyuma ya ukuta asije akaonana na mkwe. Kwa hiyo hakumwona mwanawe akivuka ua. Alininong'oneza nifunge mlango, nikaufunga.