Kibati Namba Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nyundo wala sururu. Mkuu wa Zamu alinichukua mpaka mlangoni mwa mgodi wa shaba, akanionyesha ubao mpana uliopigiliwa misumari, akaniambia nisimame pale na nisiondoke. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tulikuwa tumekuja Oman kutoka Unguja nikiwa bado wa skuli, na mgodi sikuwahi kuuona hata pichani. Kwetu tulijua karafuu na nazi. Hata neno lenyewe la mgodi sikuwa nalo. Sisi tuliolelewa mjini Unguja tulisema "shimo", na zile njia za chini ya ardhi tuliziita vichochoro, kila kimoja kwa jina la mtaa wa nyumbani. Kulikuwa na Malindi, kulikuwa na Vuga, na kile cha zamani kilichokwisha madini na kufungwa tulikiita Kiponda. Meneja wa Mgodi, Mzungu, aliyaandika majina hayo kwenye ramani yake akidhani ni ya kitaalamu.

Ubao ule ulikuwa na pande mbili. Kushoto pameandikwa JUU, kulia pameandikwa CHINI. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake, kipande cha bati cha mviringo, ukubwa wa biskuti, kimegongwa namba. Akiteremka shimoni hukitoa JUU akakitundika CHINI. Akipanda hukirudisha. Mwisho wa zamu, Fundi Baruti alikuwa ameshajaza baruti kwenye matundu aliyoyatoboa mwambani, na hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa: kuangalia upande wa CHINI. Ukiwa mtupu natia saini, king'ora kinalia, mlima unapigwa baruti. Usipokuwa mtupu, hakuna kupigwa.

"Sharti ni moja," Mkuu wa Zamu aliniambia. "Mtu hasogezewi kibati chake. Hata akiwa ndugu yako, hata akikusihi. Akisogeze kwa mkono wake."

"Na kama amesahau, keshakwenda zake?"

"Arudi. Wewe hutunzi bati, kijana. Unatunza wana wa watu."

Nilikaa pale miaka mitatu, na kusema kweli nilikuwa hodari. Nilijua namba kabla ya majina. Mpaka leo nikikutana na mzee fulani sokoni Ibra namba yake hunijia kwanza, nikatafuta jina huku nimeshamshika mkono. Mke wangu Zuwena husema kazi ile haikunifunza kutulia hata kidogo. Nikikaa nahesabu, nikila nahesabu, na msikitini nimepata kukosa rakaa kwa sababu nilikuwa nahesabu safu.

Mwaka wa tatu, ndani ya Ramadhani, mambo yakaharibika. Zamu ya mchana ilikwisha, watu wakapanda mmoja mmoja midomo imewakauka, na kulia kwangu kikabaki kibati kimoja. Namba kumi na tisa. Kilikuwa cha Seif, mtu wa Al Qabil, kijana mcheshi aliyekuwa ameoa karibuni na mkewe ana mimba ya kwanza. Wenzake wakasema Seif kaondoka mapema, kajisahau, ndiyo tabia yake. Fundi Baruti alikuwa akitazama jua, maana na yeye alitaka kufuturu kwake.

Mkuu wa Zamu wa siku hiyo hakuwa yule wa kwanza. "Kisogeze," akaniambia.

"Siwezi."

"Nakuamrisha mimi. Kisogeze."

"Akisogeze mwenyewe."

Meneja akaja juu kwenye redio. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokota, lakini siku hiyo kila mtu alikielewa: khalas, yatosha, tia saini! Sikutia. Mgodi mzima ulisimama kwa zaidi ya saa mbili. Dereva Hamedi akatafuta vyumba vyote vya kambini, kisha akaendesha mpaka Al Qabil, na kutoka huko akatupigia redio huku anacheka. Seif alikuwa kwao, amelala chini ya panka. Meneja akatia saini mwenyewe, king'ora kikalia, na sisi tukafuturu kwa maji na tende pale pale mlangoni bila ya mtu kunisemesha.

Asubuhi Seif alikuja, akakisogeza kibati chake kwa mbwembwe, akaniinamia. "Ahsante, Bwana Ngoja," akasema, na jina likanibakia. Meneja yeye hakutania. "Mtu anayesimamisha mgodi kwa ajili ya mtu aliyelala kwao," alisema, "hafai mlangoni."

Nikahamishwa ghala la vipuri, kuhesabu nati. Kutoka ghalani nikapelekwa Sur kupokea makasha ya kampuni bandarini, miaka saba. Mkubwa wangu wa Sur, Msimamizi wa Mizigo, alinipokea kwa methali: "Ngojangoja huumiza matumbo, sivyo, bwana?" Nikajua jina limenitangulia. Baadaye Nizwa, ofisini, nikiandika daftari la magari, na huko ndiko nilikostaafia. Nilikuwa nimekusudia siku moja niwe Mkaguzi wa Usalama, yule anayezunguka migodi yote kutazama nguzo, hewa na vibati. Cheo hicho walipewa watu watatu niliowafunza mimi.

Aliyekisimulia kisa kile vizuri kuliko wote alikuwa Seif mwenyewe. Alikisimulia sablani kwetu Ibra, pale baraza la wazee tunapokunywa kahawa, akiigiza sauti yangu na kidole changu. Mungu naye ana mipango yake: yule mtoto aliyekuwa tumboni akazaliwa, akaitwa Asya, akakua, na mwanangu Khalfan asimtake mwengine ila yeye. Seif akawa mkwe wangu, na siku ya harusi akakisimulia tena. Nilicheka pamoja na watu. Jina halikunichoma sana, na cheo nilikwishakisamehe. Kilichonila ni swali. Nilifanya sawa, au nilikuwa mpumbavu? Kwa zaidi ya miaka arobaini sikupata wa kunijibu, kwa sababu baruti haikupigwa juu ya mtu, na mtu hakuwamo.

Mwaka huu Asya akasema twende Malaysia sote. Binti yao Shamsa, anayesoma chuo Nizwa, akagundua kwenye simu yake mji mdogo uliokuwa wa wachimbaji.

"Babu, walichimba bati. Hii mgodi iko wazi, watu wanaingia na gari ya reli. Tukupeleke ukaone?"

"Mgodi huo," nikamsahihisha. "Uko wazi."

"Bati?" Zuwena akauliza. "Hili la mapaa? Linachimbwa?"

Tulikuwa sita: mimi na Zuwena, Khalfan na Asya, Shamsa, na Seif, ambaye ni mjane na Asya hakutaka kumwacha. Niliwahesabu Muscat uwanjani, nikawahesabu kwenye ndege nikielekea msalani, nikawahesabu tena tulipotua. "Sita, mume wangu," Zuwena alisema. "Tulikuwa sita, tuko sita. Sasa kaa."

Sikukaa. Mji ule una mto katikati, maduka ya mbao, na vilima vya kijani mpaka macho ya mtu wa Ibra yanachoka. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha. Mabomba ya chuma yaliyooza yametokeza majanini, na wazee wa pale wamekaa mikahawani wakiutazama mlima uliowalisha. Niliwaelewa bila ya lugha. Nilikwenda huku na huku, nikagusa toroli za madini, nikamweleza Shamsa nguzo zinavyopimwa kwa kugongwa na kusikilizwa, mpaka mwenyewe nikajisikia nasema mno. Seif alikuwa kimya. Nikadhani ni uchovu.

Mlangoni tulipewa kofia ngumu. Nikahesabu kofia sita. Tukapanda vile vigari vya reli, vikaanza kwenda, giza likatumeza na ile harufu ya jiwe bichi ikanijia, na mkono wangu ukaanza kuhesabu wenyewe. Watano. Nikahesabu tena. Watano.

"Ngoja!" nikapiga kelele. Nikagonga ubavu wa gari kwa ngumi. "Ngoja! Simamisha!"

"Baba, tafadhali," Khalfan akasema. "Watu wanatutazama."

"Seif hayumo. Waambie wasimamishe!"

Shamsa akamwambia dereva kwa Kiingereza. Vigari vikasimama, watalii wakanung'unika, tukarudishwa kinyumenyume mpaka nje, na mimi moyo unanipiga kama kijana wa miaka ishirini na nne.

Seif alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, kofia ameipakata, uso umemlowa jasho na mvua haikuwa ikinyesha. Wengine nikawaambia waendelee na safari yao, nami nikakaa naye.

"Mkwe, unaumwa?"

"Siumwi. Sikuweza kuingia tu."

"Ungesema basi. Nimewasimamisha watu nikidhani umepotea ndani."

Akajaribu kucheka. "Umenisimamishia tena, Bwana Ngoja. Lakini mara hii nilikuwa nje kweli."

Maneno yale yalinipita. Kisha yakanirudia.

"Mara hii?"

Akaigeuza kofia mikononi, mara mbili, mara tatu.

"Seif. Unasema mara hii?"

"Nilikuwa Kiponda," akasema.

Akanieleza pale pale, macho ameyainamisha. Siku ile funga ilimwelemea, akajipenyeza kwenye kichochoro kile kilichofungwa, kwa kuwa kulikuwa na ubaridi, akalala. Kulala shimoni ilikuwa ni kufukuzwa siku hiyo hiyo. Alipoamka kulikuwa kimya, hakuna mashine, hakuna mtu. Akajua zamu imekwisha na baruti imeshajazwa, na matundu yenye baruti yako upande wa pili tu wa ukuta wake. Akapanda njia ya hewa, lile tundu la kusimama wima linaloingiza upepo, akashika ngazi yake ya kutu kwa giza, akatokea upande wa pili wa mlima. Gari la maji likampakia mpaka Al Qabil. Alikuwa hajatimiza nusu saa kitandani Hamedi alipobisha.

"Nilipokuwa kwenye ile ngazi," akasema, "nilikuwa nahesabu. Nikisema sasa watapiga. Sasa watapiga. Sikujua kwa nini hawapigi."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Walahi, vyote viwili kwa mkono mmoja.

"Miaka yote hii, Seif! Umenicheka mpaka harusini kwa mwanangu!"

"Nilicheka mimi kwanza ili asije mtu akauliza. Mwanzo niliogopa kazi, Asya alikuwa tumboni. Halafu wewe ukahamishwa, nikaona haya. Haya ikakua. Sikujua tena pa kuanzia."

"Unaanzia sablani," nikamwambia. "Mbele ya watu wale wale."

Safari iliyobaki hatukusemezana ila kwa salamu. Usingizi ukanihama. Zuwena, nilipomweleza, alilia kidogo, kisha akawaka: "Si uwaambie watu wewe mwenyewe? Umeonewa!"

"Mtu hasogezewi kibati chake."

"Na kikibaki pale pale mpaka mkafa?"

Tulirudi Ibra, nikaenda sablani Alkhamisi, Seif hakuja. Alkhamisi ya pili hakuja. Nilikuwa nakaa karibu na mlango, nikivuruga kahawa yangu bila ya kuinywa, nikigeuka kila kiatu kikilia nje. Nilijua sasa kwamba nilifanya sawa, na nilidhani kujua kutanitosha. Hakukutosha. Niseme wazi kwa nyinyi mlioko makazini: kazi ya anayelinda haionekani inapokwenda vizuri. Aliyezuia msiba hana cha kuonyesha, na watu wataona ule muda waliopotezewa tu. Kama mnataka kupigiwa makofi tafuteni kazi nyengine. Mimi niliyataka, hata kwa kuchelewa, na sioni haya kulisema.

Alkhamisi ya tatu, baada ya alasiri, Seif akaingia. Akasalimu, akakaa mbali nami. Habari za safari zilikwishafika kabla yake, Khalfan hana siri. Hamedi, yule dereva wetu wa zamani, akapangusa tende mdomoni, akaanza:

"Ehe, Bwana Ngoja! Tunasikia mpaka Malaysia umesimamisha gari kwa ajili ya Seif. Seif, hebu tupe ile ya kwanza. Tupe ya Ramadhani!"

Wakacheka, wakajiweka sawa kusikiliza. Mimi nilitazama mkeka. Seif akaweka finjani chini. Safari hii hakuiga sauti yangu, na kidole hakukiinua.

"Nilikuwa ndani," akasema.

Hamedi alikuwa bado anacheka. "Ndani ya shuka, tunajua."

"Ndani ya shimo, Hamedi. Kiponda. Nimelala. Uliponikuta nyumbani nilikuwa nimefika sasa hivi, viatu vyangu vina vumbi la mgodini chini ya kitanda. Lau huyu angetia saini, Asya asingemjua baba yake."

Mwenye dele la kahawa alisimama nalo mkononi, hajui amimine au asimimine. Seif akainuka, akavuka mkeka wote kwa magoti yake mabovu, akaja akakaa ubavuni pangu, bega kwa bega. Nikawahesabu waliokuwamo mle sablani, kwa mazoea tu, kuanzia mlangoni. Walikuwa kumi na wanne, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ile, wote walikuwa JUU.