Majina Saba

Katika ofisi ya elimu mjini Meru, mbele yangu kwenye foleni alisimama mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa amehamishwa kwa kusema mkutanoni kwamba watoto wasichume miraa ya mwalimu mkuu saa za masomo. Aliomba arudishwe.

"Madam, mwandikie mkuu umwombe msamaha," karani alimshauri. "Akilainika, utarudi."

Mwalimu akaandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni.

Karani akasoma. "Mbona ni majina ya watoto tu?"

"Hao saba bado hawajashika kusoma. Mpelekeeni mwalimu wao mpya. Huyo wa mwisho husoma ukimkalia karibu."

Mwalimu aliitazama karatasi mpaka ikafungiwa kwenye faili.

Nimesahihisha insha nyingi. Hiyo ningeipa kumi kwa kumi, ingawa swali hakulijibu.