Makochi Yamebebwa Mbele ya Wakwe

Makochi yangu yamebebwa leo, wakwe wakiwa wameyakalia!

Habari zenu, ndugu zangu.
Mnajua nilivyoyaringia humu. Sikuwaambia ni ya mkopo wa kikundi, na marejesho nimeruka miezi mitatu.

Wakwe wametoka Kibondo kumposa Neema wangu, yule nesi. Chai haijapoa, wanakikundi wenzangu hao mlangoni.
"Mama Neema, tumechoka kukulipia. Tunabeba."

Baba wa kijana akadhani tunayahamisha tu. Akashika upande mmoja mpaka kwenye guta la mizigo!
Yebaba weee! Nikajifunika kanga uso mzima.

Aliporudi nikamwambia ukweli, nikilia. Akanijibu:
"Mama Neema, sisi tumefuata nesi. Makochi tunayo."

Nesi wangu huyo, jamani!
Nichekeni tu, lakini mahari ni Jumamosi, hapa hapa Kasulu. Njooni wote, tutakaa mikekani.