Harufu ya Kiazi Kibichi

Jumanne, tarehe 11 Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyopiga kelele kwenye bati lakini inakulowesha mpaka ndani. Tulipotoka nyumbani saa mbili, Bukavu, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, haikuonekana kabisa.

Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na wifi yangu, dada yake mkubwa. Tulikuwa tunapeleka kahawa yetu kwa maman mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Kamembe, upande wa Rwanda. Alikuwa amesema akiipenda ataichukua kila wiki. Hatuna mteja mwingine wa maana. Majirani wanasimama mlangoni tukikaanga, wanasema inanukia, halafu wanaenda kwao kunywa chai.

Naandika ili nione nilikosea wapi. Sikusoma sana, niliishia la tano kule Bukavu kabla hatujarudi upande huu, huenda nachanganya mambo. Lakini nitajaribu nisimwonee mtu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Pipa la kukaangia alilitengeneza mwenyewe kwa pipa kuukuu la mafuta, na linakaanga vizuri, hilo siwezi kumnyima. Yeye analizungusha juu ya makaa, wifi anasaga na kufunga, mimi nachagua. Kazi yangu ni ungo: kutoa punje zilizovunjika, nyeusi, zenye tundu. Kwa hiyo kosa likiwa ndani ya kahawa, limepita mikononi mwangu.

Wifi ndiye aliyeacha kitu kikubwa. Alikuwa na nafasi yake karibu na daraja la Rusizi II, akiuza mandazi kwa wanaovuka mpaka. Ni mjane, na nafasi ile ndiyo iliyomfanya akae upande huu bila kumtegemea mtu. Tulipoanza, mume wangu alimwambia aiache, kwamba kazi ya familia inataka watu wa familia. Nilikuwepo na nilikubali, na sote tulijua nafasi ya pale haikai wazi hata asubuhi moja.

Sasa niseme la kiazi. Mwezi uliopita nilikuwa naonja kahawa jikoni. Si kwa kupenda. Sisi tumejifunza kahawa kama watu wanavyojifunza dawa. Kikombe kikanuka kiazi kibichi, kama kilichomenywa saa hiyo. Na kweli nilikuwa nimetoka kumenya viazi, kama kila siku. Nikanawa mikono kwa sabuni. Siku nyingine ikanuka tena, nikanawa tena. Wifi alinusa akasema, "Ah, hii iko muzuri, inanukia sawa na jikoni ya muntu!" Wiki tatu nzima niliilaumu mikono yangu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimuuliza mzee mmoja anayefanya kazi kule Nkanka wanakoosha kahawa. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Iyo njo ugonjwa ya kahawa ya huku, mama. Kuko kadudu kanatoboa tunda likiwa bado kwa muti. Punje moja tu, kikombe kizima kinaharibika."

"Nitaijuaje kwenye ungo?"

"Hautaijua. Inafanana na zingine."

"Na moto hauitoi?"

"Moto haiiweze. Utaijua siku utaisaga." Akacheka kidogo. "Usilie, mama. Hata bakubwa ba biashara ya kahawa banalia."

Miezi yote ile nimeinamia ungo mpaka shingo inaniuma, nikidhani macho yangu yanalinda kitu.

Nyumbani niliwaeleza yote. Mume wangu alisema vikombe vingi viko vizuri, hakuna haja ya kutangaza. Wifi akaninyooshea kidole: "Wewe, muke wetu, kinywa chako hakina mulango. Siku ya kwenda kule ukifunge hata na kamba!" Tukacheka sote. Nikakubali. Hilo nalo liandikwe, kwamba nilikubali.

Kwa yule maman tulipokelewa vizuri. Alichemsha maji mwenyewe, akasaga kiasi cha kikombe kimoja, akanywa taratibu, akamgeukia mume wangu.

"Papa, hii munakaanga ninyi wenyewe?"

"Sisi wenyewe, Maman."

"Na ile pipa ya mafuta?"

"Tuliiosha, Maman. Iko safi kuliko miye."

Alicheka. Akasaga kikombe cha pili, nacho kikawa kizuri. Wifi alikuwa amekaa pembeni ya kiti, mikono katikati ya magoti, na niliona midomo yake inasogea. Nadhani alikuwa anaomba. Kisha maman akanigeukia.

"Wewe njo unachagua?"

"Ndiyo, Maman."

"Mugeni wa leo na mugeni wa kesho batakunywa kitu kimoja?"

Nikamwambia. La kadudu, la kiazi, kwamba siwezi kuiona punje yenyewe, kwamba sijui ni mfuko upi.

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika. "Asante juu ya kusema. Lakini mugeni akikuta kiazi mu kikombe, hataita wewe. Ataita miye." Akaturudishia mifuko yote, na ule alioufungua akaukunja mdomo vizuri. Mimi ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Nje mume wangu alisema polepole, "Si ungesema tu tunajikaza?" Ni kweli. Tunajikaza, na lisingekuwa uongo. Sikulifikiria. Mpaka sasa sijui kama nilisema kwa sababu ya haki au kwa sababu ya woga.

Tulipofika njia ya kuteremka darajani wifi alituacha, akaenda. Alirudi saa kumi, kitenge kimelowa.

"Kuko mama mwingine pale. Naye anauza mandazi. Makubwa kuliko yangu." Akavua viatu. "Minarudi Bukavu, kwa familia ya marehemu. Kama banakataa, nitaona."

Mimi nilitaka kumwambia abaki, lakini abaki afanye nini? Kesho ataanza kufunga vitu vyake. Mimi nilichukua ungo kwa sababu sikujua la kufanya, nikatazama punje mpaka giza likaingia. Zote zilikuwa nzuri.

Tulikula ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, na watoto wetu wakagawana parachichi moja.